Fundi, Mafaili Yangu Yatarudi?

Asalaam alaykum wasomaji. Mwezi uliopita niliandika mistari minne tu kuhusu eksteno (hadi diski ya nje ya kuchomeka) iliyoanguka kitandani, basi maswali yaliyokuja sikwambieni, mengine sauti za WhatsApp za dakika 6 mtu anahadithia mpaka siku aliyokwenda kununua laptopu na aliekwenda nae. Nimeyachambua, yanayofanana nimeyaweka pamoja, majina nimeyaacha, na safu ya mwezi huu yote ni bakapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili yako. Kitu kimoja nimekiona: karibu nyote mnauliza niweke wapi, niweke kwa programu gani. Aliyeuliza nitavirudisha vipi ni mmoja tu, na huyo nimemuweka mwisho makusudi.

*Fundi, mie napiga picha na video za harusi upande wa kina mama hapa Wete, huu mwaka wa nane. Laptopu yangu ya GB 500 ilijaa nikanunua eksteno ya TB 1 nikahamishia kila kitu, sasa nayo inakaribia kujaa. Nataka programu nzuri ya bakapu, nimeskia Acronis nzuri lakini ya kulipia. Ninunue? Au niweke mtandaoni tu yaishe? – Mpiga picha, Wete*

Dada yangu, kabla ya hiyo Acronis tuelewane kitu kimoja. Weye huna bakapu. Ulichofanya ni kuhama nyumba, umetoa vyombo nyumba ya zamani umevipeleka mpya na kule umefunga mlango, vyombo ni vile vile seti moja. Picha za miaka minane zipo mahala pamoja tu, ndani ya kiboksi unachokitia mkobani ukapanda nacho daladala.

Nakwambia hivi kwa sababu haipiti wiki haijaja eksteno mezani kwangu. Unaichomeka, unainamisha sikio. Ikisema tk... tk... tk... kama saa ya ukutani basi mwenyewe namuona uso unabadilika kabla mie sijasema neno. Ndani mle mna visahani vinazunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kuna kichwa kinaelea juu yake kinasoma bila ya kugusa. Ikidondoka inafanya kazi, kichwa kinagusa sahani kinakwaruza, na pale palipokwaruzwa ndipo palipokuwa na harusi ya mtoto wa watu. Kuifungua kunataka chumba kisichokuwa na vumbi hata chembe, na mie hapa feni iko juu, barabara iko mbele ya mlango, siwezi. Na anaekwambia anaweza kuifungua hapo barazani kwa bisibisi, usimpe.

Mie mwenyewe yamenifika. Mnakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima kiza, waya wa umeme wa baharini ulipoharibika? (Nyie Pemba mlikuwa mnatumia majenereta yenu ya Wesha, waya wa kutoka Tanga ulikuja baadae mwaka ule ule wa 2010.) Basi nilikuwa na kompyuta ya mezani, nikavutiwa waya kutoka jenereta la jirani, jenereta lenyewe likipanda likishuka kama mgonjwa wa homa. Siku moja likapanda likanata huko huko juu, nikasikia pa!, moshi. Pauwa saplai imekwenda na hadi diski. Na nakala nilikuwa nayo, wallahi nilikuwa nayo, ila ilikuwa kwenye hadi diski ya pili ndani ya boksi lile lile la kompyuta ile ile. Zote mbili. Picha za harusi ya dada yangu nilizikusanya kwa watu waliokuwa wamezichapisha. Sauti ya marehemu baba akisoma maulidi sijaipata mpaka leo.

Kwa hiyo pesa ya Acronis nunulia eksteno. Nunua mbili, kila moja TB 2 au zaidi, zile za kawaida za kuzunguka zinatosha, SSD, zile zisizokuwa na kitu kinachozunguka ndani, ni nzuri haziogopi kuanguka lakini kwa ukubwa unaoutaka weye zitakumaliza. Mbili hizi ziwe na vitu sawasawa, na ile ya zamani ya TB 1 iwe ya kufanyia kazi tu. Watu wa picha wana kanuni yao wanaiita 3-2-1, aliyeieneza ni mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Hapo kwenye aina mbili sitokubana sana, hapo kwenye nje ya nyumba ndipo nitakapokubana. Eksteno moja kaa nayo Wete, ya pili ipeleke kwa ndugu yako Chake au Mkoani, popote ambapo mwizi wa kwako hatofika siku hiyo hiyo na paa likivuja kwako kwake halivuji. Ukenda kumtazama, nenda na hii urudi na ile. Nauli ya daladala ndio bei ya hiyo huduma.

Programu sasa. Tumia FreeFileSync, ina toleo la bure, inafanya kazi Windows, Mac na Linux. Kushoto unaweka folda la kazi zako, kulia unaweka eksteno, unabonyeza ilinganishe kwanza, inakuonesha nini kipya nini kimebadilika, halafu ndo unaiambia ikopi. Angalia sana hapa: ina namna inaitwa Mirror, hiyo inafanya kulia kuwe sawasawa na kushoto, maana yake ukifuta kitu kushoto kwa bahati mbaya na kulia kinafutwa. Kwa kazi yako chagua Update, inaongeza vipya na vilivyobadilika bila ya kufuta vya zamani. Na kwenye mipangilio kuna sehemu ya Versioning, iwashe, faili likibadilishwa lile la zamani inaliweka pembeni kwenye folda lake badala ya kulitupa.

Mtandaoni umeuliza, twende na hesabu. Tuseme una GB 900 na mtandao wako unapandisha Mb 4 kwa sekunde (hizo megabiti, nane ndo zinafanya MB moja), na hiyo ni siku nzuri. Inatoka saa 500, yaani siku 21 usiku na mchana bila ya kukatika. Eksteno kwa USB 3 inakwenda kama MB 100 kwa sekunde, GB zile zile ni saa mbili na nusu, tuseme nne kwa vile picha ndogo ndogo zinachelewesha. (Chomeka kwenye tundu la rangi ya buluu kama laptopu yako inalo, hilo jeusi la zamani litakukesha.) Na mtandao nao una siku zake, Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika pamoja tukakaa Tanzania nzima tunazungusha kiduara kwenye simu. Mtandaoni weka zile kazi 50 bora za kuoneshea wateja na mikataba yako, basi.

Kuna moja hujaiuliza na mie ndo inayonikosesha usingizi juu yako. Weye unapiga upande wa kina mama. Mtu yuko na nywele wazi, kapigwa singo, kavaa kile anachovaa kwa sababu kaambiwa ukumbini hamna mwanamme. Eksteno ikipotea garini si picha zako zilizopotea, ni heshima za watu zinazotembea. Zifunge. Windows ya Pro ina BitLocker, unabonyeza eksteno kwa kitufe cha kulia unaiwekea neno la siri, imekwisha. Windows ya Home haiwezi kufunga, ingawa inaweza kufungua iliyofungwa kwengine, basi hapo tumia VeraCrypt, nayo ni bure. Ukisahau neno la siri lakini hakuna fundi Unguja wala Pemba atakaekufungulia, mie wa mwanzo, kwa hiyo liandike kwenye karatasi uiweke pale unapoweka hati ya shamba la mikarafuu.

Na hewa yetu hii ya chumvi na unyevu, mwezi wa nne mpaka viatu vinaota ukungu kabatini. Eksteno inayokaa bila ya kutumika itie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakti vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu ambavyo nyote mnavitupa.

*Fundi mbona mlisema Google Drive ni bakapu? Nimeweka mitihani yangu yote ya kidato cha pili huko, mtoto kacheza na laptopu kafuta folda, nimekimbilia simu na kwenye simu halipo, nimekwenda kompyuta ya skuli halipo. Kumbe inafuta na huko? – Mwalimu, Chake Chake*

Inafuta na huko mwalimu, na imefanya kazi yake vizuri kabisa. Kile ni kusinki, kazi yake ni kuhakikisha kila mahala pawe sawasawa, na ukifuta hapa inasema haya, bwana mkubwa kataka lisiwepo, inakwenda kulifuta kila pahala. Lakini usilie bado, fungua Google Drive kwenye intaneti, kushoto kuna pipa la taka, vilivyofutwa vinakaa humo siku 30. Swali lako limenifika siku ya 11 tangu ulipolituma na nimekujibu pembeni siku ile ile, nashukuru ukanambia limepatikana.

Kwa hiyo je Drive ibakie? Ibakie, ni nzuri kwa laptopu ikiibiwa. Ila ujue zile GB 15 za bure zinagawana barua pepe za Gmail na picha za Google Photos pia, zikijaa hata barua haziingii. Na akaunti usiyoigusa miaka miwili Google wana haki ya kuifuta na vilivyomo, kwa hiyo ile akaunti uliyofungua kwa ajili ya kuhifadhi tu halafu ukaisahau, ifungue leo.

Sasa kwa faili kama zako, za maandishi, zinazobadilika kila siku, nakupa kitu kilichomo tayari ndani ya Windows tangu 2012 na hakikuombi senti: File History. Ingia Control Panel, itafute, chomeka eksteno, iwashe. Kila saa inatazama mafaili yako, lililobadilika inaweka nakala mpya na ya zamani inabaki. Mtihani uliouandika Jumatatu ukauharibu Jumatano, unarudi kuchukua wa Jumatatu. Hakuna siku niliyoipenda Microsoft lakini hapa waliotea.

Jambo jengine, na hili si lako peke yako, wameniuliza watu watatu. Windows 11 siku hizi inapoanza inahamisha Desktop na Documents kupeleka OneDrive bila ya mtu kujua vizuri alichokubali. OneDrive ya bure ni GB 5. Inajaa, inaanza kupiga kelele, mtu anakasirika anaizima, na akizima anakuta Desktop tupu anadhani kaibiwa. Hujaibiwa, ingia kwenye folda la OneDrive ndani ya kompyuta yako mna Desktop nyengine humo, vitu viko huko vinakusubiri.

*Nimenunua flashi ya TB 2 shilingi 30,000 nihifadhi tasnifu yangu na data zangu za utafiti. Picha nikiweka zinaingia lakini nikifungua baadhi zinakataa. Ni virusi? – Mwanafunzi, Tunguu*

Ni uongo, mdogo wangu. Flashi ya TB 2 kwa elfu 30 haipo, hiyo ndani ina GB 16 au 32 na kichipu kilichofundishwa kuidanganya kompyuta kwamba ni TB 2. Ukiijaza ikifika pale inapoishia kweli inaanza kuandika juu ya vile vya mwanzo, majina yanaonekana yapo, vilivyomo havipo. Kuna kiprogramu kidogo cha bure cha Wajerumani kinaitwa H2testw, kinaijaza flashi mpaka mwisho halafu kinaisoma tena, ukweli unatoka. Wa Mac na Linux watumie F3. Toa vyako kwanza. (Na usichanganye na ile ya kununua TB 1 ukaona 931, hiyo haijaibiwa, mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024.)

Tasnifu yenyewe ni faili dogo sana lile, MB chache. Kila jioni lisevu kwa jina jipya lenye tarehe, jitumie kwa barua pepe. Wangapi nimewaona wana faili moja linaitwa mwisho_kabisa_kweli na ndo limegoma kufunguka wiki ya kukusanya. Flashi ni ya kubebea kitu kutoka hapa mpaka steshenari, usiifanye ghala.

*Kompyuta ya dukani kwangu Mkunazini, asubuhi nimekuta kila faili limeongezwa herufi nne mwisho wa jina na halifunguki, na kuna karatasi imeandikwa nilipe dola 980, nikiwahi ndani ya saa 72 nusu bei. Eksteno ya bakapu ilikuwepo imechomekwa, nayo imeliwa. Nilipe? – Mwenye duka*

Usilipe, na pole sana kaka. Hiyo dola 980 na nusu yake 490 naijua, ni ile familia ya virusi wanaiita STOP au Djvu, inaacha faili la _readme kila folda. Nikuulize kitu na usinikasirikie: ulidaunlodi nini siku ile? Maana njia yake kubwa ni programu za kulipia zilizokrakiwa, mtu anatafuta Office ya bure au programu ya stoo ya bure, anaambiwa zima antivirusi kwanza, anaizima. Sikulaumu, nusu ya kompyuta zinazokuja hapa zina kraki, lakini ndio hivo.

La kufanya. Itoe kwenye mtandao. Usifomati bado, na yale mafaili yaliyofungwa yakopi pembeni hata kama hayafunguki. Halafu kwa kompyuta nyengine ingia tovuti ya No More Ransom, ilianzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, mna funguo za bure kwa aina nyingi. Kwa hii ya kwako kuna kifaa cha kampuni ya Emsisoft, kinasaidia baadhi ya matoleo, khasa yale ya zamani na yale ambayo virusi havikufika mtandaoni wakati vinafunga. Mengine hayafunguki leo, ndo maana nasema usifute, kuna watu wamefunguliwa baada ya mwaka.

Na hiyo eksteno, ndugu yangu, ilikuwa inafanya nini pale usiku kucha? Kinachofunga kompyuta kinafunga na kila kilichochomekwa. Chomeka, kopi, toa, tia sandukuni. Mie dukani kwangu ninazo mbili, ya kijani na nyeusi, haijatokea siku zikachomekwa pamoja.

Maswali mafupi sasa.

*Mie nna Mac.* Basi huna la kunisumbua, Time Machine imo ndani tangu 2007, nunua eksteno mara mbili ya ukubwa wa diski yako uiwashe, ila usiitumie eksteno hiyo hiyo kuhamishia muvi na wenye Windows.

*Na DVD je?* Moja inaingia GB 4.7, na laptopu mpya hazina hata pa kuitia. Zile mlizonazo zihamisheni wakati bado mnapata kompyuta ya kuzisoma.

*Eksteno inakataa muvi moja tu, na nafasi ipo.* Imefomatiwa FAT32, haipokei faili linalozidi GB 4. Toa vilivyomo, ifomati iwe exFAT.

*Macrium ya bure ipo wapi siku hizi?* Programu ile ya kunakili kompyuta nzima waliisimamisha, Januari 2024 ikawa mwisho. Anaetaka nakala ya kompyuta nzima pamoja na Windows yake atazame Veeam Agent, ina toleo la bure. Lakini kwa wengi wenu Windows hurudishwa na fundi kwa mchana mmoja, picha za watoto hazirudishwi na fundi.

*Mama yetu katangulia mbele ya haki mwezi wa Shaaban. Kwenye simu yangu mna sauti zake za WhatsApp, kama mia hivi, nyengine ananigombeza tu. Simu imeanza kuzima yenyewe. Najua si mambo ya kompyuta lakini nisaidie. – Msomaji, Fuoni*

Mwenyezi Mungu amrehemu. Hili naliweka mbele ya mengi. Leo, kabla simu haijazima moja kwa moja, ichomeke kwenye kompyuta kwa waya, chagua kuhamisha mafaili, ingia Android, halafu media, halafu com.whatsapp, WhatsApp, Media. Humo utakuta folda la WhatsApp Voice Notes, limegawika mafolda madogo kwa wiki. Kopi lote kama lilivyo, usianze kuchagua, utachagua ukiwa na nafasi. Mafaili yanaishia na .opus, VLC inayafungua. Majina yake hayaoneshi nani kasema, yanaonesha tarehe tu, kwa hiyo zile unazozitaka khasa fungua mazungumzo yenu kwenye simu, shikilia ile sauti, jitumie kwa barua pepe uandike pale pale mama alisema nini. Halafu wagaie na ndugu zako wote. Nyumba tano zenye sauti ya mama, hapo hata eksteno sikwambii ununue.

Bakapu ya WhatsApp yenyewe ya kwenda Google ibakie imewashwa lakini usiitegemee peke yake, tangu 2024 inahesabiwa ndani ya zile GB 15, ikijaa inasimama na wengi hawaoni.

*Fundi, nimefuata maelekezo yako ya zamani, File History ninayo, eksteno ninayo, kila Ijumaa nachomeka. Mimi ni mstaafu, nilikuwa mhasibu, sijazoea kuamini daftari ambalo sijalikagua. Nitajuaje siku ya siku vitarudi? – Mstaafu, Mkoani*

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma swali lako mara mbili nikampigia mke wangu kumsomea.

Fanya hivi. Chagua faili moja unalolijua vizuri, ulilolibadilisha mwezi uliopita, liandike jina lake kwenye karatasi. Chukua eksteno nenda nayo kwa jirani au kwa mjukuu, kompyuta ambayo haijawahi kuiona. Ichomeke, fungua folda la FileHistory, ndani mna jina lako, ndani yake jina la kompyuta yako, halafu Data, halafu C, na kuendelea mpaka ulifikie faili lako. Utaliona limeandikwa jina lake na mbele yake tarehe na saa kwenye mabano, mwishoni herufi UTC. Usishtuke saa zikikataa, ile ni saa ya dunia iko nyuma yetu kwa saa tatu, la saa nne asubuhi litaandikwa 07. Lifungue. Soma ukurasa wa mwanzo na wa mwisho.

Na hii ndo sababu napendelea FreeFileSync na File History kuliko zile kubwa za kulipia, sijui kama wengine mmeliona: hizi mbili zinaweka mafaili kama mafaili, kompyuta yoyote inayafungua. Zile nyengine zinafunga vyote ndani ya faili moja kubwa linalofunguliwa na programu ile ile tu, na siku unayolihitaji ndo unaambiwa leseni imekwisha. Nimempokea mtu hapa ana bakapu nzima haina kasoro, tulitumia siku mbili kutafuta toleo la programu la kuifungulia.

Likikataa kufunguka huko kwa jirani, usiirekebishe mwenyewe, niletee eksteno pamoja na karatasi yako, meli ya Mkoani ikifika asubuhi mie saa tatu nishafungua. Likifunguka, kata kipande cha plasta andika tarehe ya leo ubandike juu ya eksteno. Yangu ya kijani ina plasta sita moja juu ya nyengine, nyeusi ina nne, na sasa hivi ninavyoandika nakumbuka nyeusi haijakaguliwa tangu kabla ya Ramadhani.